Mkunga Anajibu: Dawa za kutuliza uchungu na kunyonya kwa mtoto mchanga

SWALI: Shikamoo dada mkunga. Nina mimba ya wiki 35 na huyu ndiye mtoto wangu wa kwanza. Wifi yangu alipojifungua alichomwa sindano ya kutuliza uchungu, na mtoto wake akalala karibu siku nzima bila kushika titi. Baadaye alizoeshwa chupa, na mpaka leo wifi anaamini kwamba ile sindano ndiyo iliyomnyima nafasi ya kunyonyesha. Mama mkwe naye ananiambia nivumilie tu, kwa sababu kila dawa anayopewa mama humfikia mtoto. Naogopa uchungu, lakini naogopa zaidi kushindwa kunyonyesha. Je, nikiomba dawa nitakuwa nimemharibia mwanangu? – Mama mtarajiwa

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole kwa kubeba hofu mbili kwa wakati mmoja. Wifi yako hakubuni alichokiona, na mama mkwe wako hakukosea aliposema kwamba dawa humfikia mtoto. Hata hivyo, kutoka hapo hadi kushindwa kunyonyesha kuna safari ndefu, na ndani ya safari hiyo yapo mengi ambayo wewe na watakaokuhudumia mnaweza kuyafanya. Kwa maoni yangu, ya baada ya sindano ndiyo yaliyompokonya wifi yako nafasi yake kuliko sindano yenyewe, nami nitaeleza kwa nini nasema hivyo.

Kwanza tuelewane kwamba tunaposema "dawa ya uchungu" tunataja vitu vya aina mbalimbali. Sindano ambayo wanawake wengi huchomwa pajani au kwenye kalio wakiwa leba ni ya pethidini, dawa ya jamii moja na mofini, ile dawa kali ya maumivu inayoleta usingizi. Huingia katika damu ya mama, hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto akiwa bado tumboni. Zingatia njia hiyo, maana wengi hudhani kwamba dawa humfikia mtoto kupitia maziwa, ilhali maziwa ya siku ya kwanza ni matone machache na dawa iliyomo ndani yake ni kidogo sana. Mtoto huzaliwa akiwa tayari nayo mwilini. Mtu mzima huondoa nusu ya pethidini kwa muda wa saa 3 hadi 4, lakini ini la mtoto mchanga halijakomaa, kwa hiyo kazi hiyohiyo huweza kumchukua zaidi ya nusu siku, na mabaki yake, yanayoitwa norpethidini, huweza kukaa mwilini mwake kwa siku kadhaa.

Ndiyo maana muda kati ya sindano na kuzaliwa una uzito mkubwa. Pethidini hufikia kiwango cha juu mwilini mwa mtoto saa 2 hadi 3 baada ya mama kuchomwa, na anayezaliwa wakati huo ndiye huwa mzito zaidi. Nimewapokea watoto wa namna hiyo mara nyingi. Rangi ni nzuri, mapigo ya moyo ni mazuri, lakini unapomweka kifuani kwa mama hatafuti titi. Mdomo umelegea, ulimi hautoki, na hata chuchu ikigusa mdomo wake huilamba mara moja kisha akasinzia. Mama mgeni wa jambo hili humtazama na kusema, "Hanitaki." Sivyo hata kidogo. Amelewa dawa, na dawa itamtoka.

Mwaka 1990 watafiti wawili nchini Sweden, Righard na Alade, walichapisha uchunguzi wao juu ya watoto 72 waliotazamwa kwa makini mara tu baada ya kuzaliwa. Mama za watoto 40 kati yao walikuwa wamechomwa pethidini, na katika hao 40, watoto 25 hawakunyonya kabisa katika muda ule wa mwanzo. Uchunguzi huo ulionyesha pia jambo la pili ambalo husahaulika: watoto waliochukuliwa kutoka kifuani kwa mama ili wapimwe na kuvalishwa, kisha wakarudishwa, walinyonya vibaya zaidi kuliko walioachwa palepale bila kubughudhiwa. Dawa ilizorotesha, na haraka ya wahudumu ikazorotesha pia. Mtoto aliyepatwa na yote mawili ndiye aliyekuwa na hali ngumu kuliko wote.

Sindano ya mgongoni, yaani epidurali, ni habari nyingine. Mtaalamu wa ganzi hupitisha mrija mwembamba karibu na uti wa mgongo, na kupitia mrija huo mama hupewa dawa ya ganzi, mara nyingi bupivakaini, ikichanganywa na kiasi kidogo cha fentanili, ambayo nayo ni ya jamii ya mofini. Kwa kuwa dawa huwekwa karibu na mishipa ya fahamu inayohusika, kiasi kinachohitajika ni kidogo, na kinachomfikia mtoto ni kidogo vilevile, ingawa si sifuri. Hapa watafiti wamebishana kwa muda mrefu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2005 na Beilin na wenzake huko New York uliwagawa kwa kura wanawake waliokwisha kunyonyesha watoto wao wa awali. Wiki 6 baada ya kujifungua, asilimia 17 ya waliopewa fentanili nyingi, zaidi ya mikrogramu 150, walikuwa wameacha kunyonyesha, ikilinganishwa na asilimia 2 ya ambao hawakupewa fentanili kabisa. Mwaka 2017 Lee na wenzake walichapisha matokeo ya wanawake 345, nao pia wakiwa wameshanyonyesha kabla, na hawakukuta tofauti ya maana: katika makundi yote matatu, la wasiopewa fentanili na mawili ya waliopewa viwango vya chini vinavyotumika siku hizi, zaidi ya wanawake 9 katika kila 10 walikuwa bado wananyonyesha baada ya wiki 6.

Nikiyasoma matokeo hayo mawili kwa pamoja, naona kwamba kiasi cha dawa ndicho chenye neno, na kwamba epidurali ya siku hizi yenye dawa hafifu si kizuizi cha kunyonyesha kwa mama mwenye nia na anayepata msaada. Lakini naomba uangalie jambo moja linalokuhusu wewe. Wanawake katika chunguzi zote mbili walikuwa wazoefu. Walijua mtoto anavyoshika titi na hawakutishika aliposinzia. Wewe ni mara yako ya kwanza, hivyo msaada wa karibu katika siku mbili tatu za mwanzo una thamani kwako kuliko ulivyokuwa kwao. Omba msaada huo bila aibu.

Ipo pia gesi ya kuvuta, mchanganyiko wa nitrasi oksaidi na oksijeni nusu kwa nusu, ambayo mama huishika mwenyewe na kuivuta uchungu unapoanza kupanda. Hutoka mwilini kwa njia ya mapafu ndani ya dakika chache, na haimwachi mtoto akiwa na usingizi. Haiondoi uchungu wote. Huupunguza makali tu, na baadhi ya wanawake huwatia kichefuchefu.

Sasa nirudi kwa mama mkwe na neno lake la kuvumilia. Nasema haya kwa heshima kwake, kwa kuwa najua linatoka moyoni: uchungu usiotulizwa nao una gharama yake kwa maziwa. Mwanamke aliyeteseka kwa saa nyingi, aliyekesha, aliyejawa na hofu hadi akashindwa kuisikia hata sauti ya anayemwelekeza, mwili wake humwaga homoni za dhiki, na homoni hizo huzuia oksitosini, ambayo ndiyo inayosukuma maziwa yatoke. Kazi ndefu ya uzazi na uchovu mwingi ni miongoni mwa mambo yanayojulikana kuchelewesha maziwa kujaa, jambo ambalo kwa kawaida hutokea kati ya siku ya 2 na ya 4. Kwa hiyo nisingependa kabisa uingie leba ukiwa umejiapiza kwamba hutaomba dawa hata iweje, kwa ajili ya titi. Mama aliyepata nafuu akalala kidogo, akaamka na nguvu za kumpokea mwanawe, huenda akanyonyesha vizuri kuliko aliyefika mwisho akiwa hoi.

Kabla ya dawa yapo mengine yanayosaidia: kutembea na kubadili mkao, maji ya uvuguvugu, kukandwa kiunoni na, zaidi ya yote, kuwa na mtu mmoja asiyebanduka pembeni yako. Wanawake wanaosindikizwa mwanzo hadi mwisho huhitaji dawa kidogo kuliko walioachwa peke yao, na hilo limethibitishwa katika nchi nyingi. Kama wifi yako atakubali kuwa mtu huyo, mchukue. Amepitia jambo ambalo hataki likupate.

Ukifika wakati wa kuamua, uliza maswali matatu: ni dawa gani, ni kiasi gani, na njia ya uzazi imefunguka kiasi gani. Hilo la tatu ni kwa sababu ya muda niliokueleza. Mkunga akiona mtoto yu karibu, anaweza kukushauri gesi au kukusaidia uvuke kipande kilichobaki bila pethidini. Na baada ya kujifungua, hakikisha wanaokupokea wodini wanajua ulipewa nini na saa ngapi, kwa maana zamu hubadilika, na muuguzi asiyejua habari ya sindano atamwona mtoto anayesinzia na kudhani ana kasoro, au kudhani titi lako ndilo lenye kasoro.

Kinachofuata ndicho ninachotamani kila mama akijue. Shirika la Afya Duniani linaagiza kwamba mtoto mwenye afya awekwe kifuani kwa mama mara tu anapozaliwa, ngozi kwa ngozi, na asaidiwe kuanza kunyonya ndani ya saa 1 ya kwanza. Mtoto ambaye hakuguswa na dawa hufuata utaratibu wake mwenyewe: hulia, hutulia, hufungua macho, huanza kuchezesha mdomo na mikono, hupumzika, hujisukuma kwa miguu kuelekea titi, hulamba, kisha hushika na kunyonya, na mwisho hulala. Aliyefikiwa na dawa hupita njia ileile ila kwa kuchelewa, na pengine huruka hatua kadhaa na kuzirudia baadaye. Usimtoe kifuani kwa sababu saa 1 imepita. Mwache, ukiwa macho au kukiwa na mtu wa kuwaangalia nyote wawili, uso wake ukiwa umeelekea upande, pua na mdomo vikiwa wazi ili apumue. Tahadhari hiyo ni ya lazima zaidi kwa mtoto mwenye dawa mwilini, maana dawa zilezile zinazomlaza huweza pia kupunguza nguvu ya pumzi yake.

Wakati unamsubiri aamke, kamua kwa mkono. Weka kidole gumba juu ya titi na vidole vingine chini yake, mbali kidogo na chuchu, pale weusi wake unapoishia. Sukuma kwanza kuelekea kifuani, kisha bana vidole vikutane, halafu achia, bila kuvitelezesha juu ya ngozi. Dakika chache za kwanza huenda usione kitu. Kisha hujitokeza tone la manjano, zito kama asali, likakaa juu ya chuchu bila kudondoka. Hiyo ndiyo dang'a. Ikinge kwa kijiko kidogo safi, mwinue mtoto akae wima kidogo, gusisha ukingo wa kijiko kwenye mdomo wake wa chini na umwache aivute kwa ulimi. Siku ya kwanza tumbo lake hutosheka na mililita chache tu kwa mlo, hivyo usidharau nusu kijiko. Rudia kila baada ya saa 2 au 3, usiku na mchana, mpaka atakapoanza kunyonya mwenyewe. Kwa njia hiyo unamlisha na wakati huohuo unaliambia titi kwamba yupo anayehitaji maziwa, na ujumbe huo usipofika katika siku za kwanza ndipo maziwa huwa haba.

Naamini hapo ndipo wifi yako alipoachwa mkono. Mtoto alilala kwa sababu ya dawa, na hilo lilikuwa jambo la kupita. Lakini hakuna aliyemwonyesha kukamua, chupa ikaletwa, titi likakaa bila kazi siku nzima na zaidi, na mtoto alipoamka akakutana na chupa kwanza. Mweleze hivyo, tafadhali. Amejilaumu kwa muda mrefu kwa jambo ambalo halikuwa kosa lake.

SWALI: Nilijifungua kwa upasuaji siku 5 zilizopita, baada ya kukaa leba muda mrefu nikiwa na epidurali na dripu. Siku ya pili matiti yalivimba, weusi wa chuchu ukawa mgumu kiasi kwamba mtoto hakuweza kuushika, na miguu yangu pia ilivimba. Mtoto alipopimwa alikuwa amepungua asilimia 9 ya uzito wake wa kuzaliwa, nikaambiwa niongeze maziwa ya kopo. Je, dawa ya ganzi imekausha maziwa yangu? – Mama wa siku tano

JIBU: Hongera kwa mtoto, na pole kwa kidonda. Dawa ya ganzi haikaushi maziwa. Ninachokishuku katika maelezo yako ni maji. Mama mwenye epidurali au anayefanyiwa upasuaji hupewa dripu nyingi, na maji hayo hayaishii kwake. Mtoto huzaliwa akiwa na maji ya ziada, kisha huyatoa kwa mkojo katika saa 24 za kwanza. Kwa hiyo sehemu ya uzito "aliopoteza" huenda haikuwa nyama wala shibe, ilikuwa dripu yako. Wapo wataalamu wanaoshauri kwamba kwa mtoto wa aina hii uzito wa baada ya saa 24 ndio utumike kulinganishia. Sisemi kwamba asilimia 9 ni ya kupuuzwa. Ni ya kumfanya mhudumu aketi na kutazama mtoto anavyonyonya kabla ya kuagiza kopo.

Uvimbe wa miguu na ugumu wa weusi wa chuchu vina chanzo hichohicho. Kabla ya kumnyonyesha, weka ncha za vidole kuizunguka chuchu, karibu kabisa na shina lake, kisha bonyeza taratibu kuelekea kifuani na ushikilie kwa dakika 1 au zaidi, bila kujiumiza. Maji husogea nyuma, ngozi hulainika, na mtoto hupata pa kushika. Mpe titi palepale kabla uvimbe haujarudi. Kwa sababu ya kidonda, mlaze pembeni chini ya kwapa lako, miguu yake ikielekea mgongoni kwako, ili asikuguse tumbo.

Sasa mtazame mtoto mwenyewe. Katika siku ya 5 anapaswa kunyonya angalau mara 8 kwa saa 24, ukimsikia akimeza. Aloweshe nepi 6 au zaidi, mkojo ukiwa mweupe. Na kinyesi chake kiwe kimeacha weusi wa mwanzo na kugeuka manjano. Uzito nao uwe umeanza kupanda, ili afikie ule wa kuzaliwa kwa siku ya 10 hadi ya 14. Ukiyaona hayo, jadiliana na mhudumu namna ya kupunguza kopo hatua kwa hatua huku ukimnyonyesha na kukamua zaidi. Usilikate ghafla. Lakini akiwa mlegevu, haamki kunyonya, nepi ni kavu, ngozi na macho yanazidi kuwa manjano au anapumua kwa shida, mpeleke hospitali leo hii bila kungoja kliniki. Kulala kupita kiasi katika siku ya 5 si kazi ya dawa ya leba tena.

SWALI: Mke wangu alijifungua juzi na ana maumivu ya mshono. Amepewa dawa lakini anazificha chini ya mto, akisema zitaingia kwenye maziwa. Nimwambie nini? – Baba mpya

JIBU: Mwambie kwamba parasetamoli na ibuprofeni, kwa kipimo alichoandikiwa, huingia kwenye maziwa kwa kiasi kidogo mno na hutumiwa na mama wanaonyonyesha bila wasiwasi, isipokuwa kama ana ugonjwa, mathalani vidonda vya tumbo, unaomzuia kutumia ibuprofeni. Akivumilia maumivu, atashindwa kukaa vizuri, atambeba mtoto akiwa amejikunyata, na mtoto atashika chuchu tupu badala ya titi.

Hata hivyo, soma majina yaliyoandikwa kwenye pakiti. Zikiwa na kodeini au tramadoli, hofu yake ina msingi. Baadhi ya watu hugeuza dawa hizo kuwa kali kwa haraka kuliko wengine, bila wao wenyewe kujua, na mtoto akapata kiasi cha kumdhuru; kwa sababu hiyo mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo mwaka 2017 kwamba mama wanaonyonyesha wasizitumie. Rudi kwa aliyeziandika, mwambie kwamba mkeo ananyonyesha, na uombe nyingine. Ikiwa ameshameza, mwangalie mtoto: akisinzia kuliko kawaida, akinyonya kwa shida au pumzi yake ikiwa hafifu, asipewe dozi nyingine, na mtoto apelekwe hospitali mara moja.